Njala: neno moja, uzito mbili

Ndugu zetu wa mugodi, na mama zetu wa Tunda munaotupikia: asubuhi kila mutu anasema «nasikia njala». Mwisho wa mwezi, kama mushahara haujatoka, tunasema «njala inatuua». Neno ni lile lile, lakini uzito si mumoja.

Neno hili ni la zamani sana. Wenzetu wa pwani, Mombasa na Dar es Salaam, wanasema njaa. Wao waliangusha ile «l», sisi tuliilinda, kama vile wanasema makaa na sisi makala. Lingala inasema nzala, Tshiluba nzala, Luganda enjala, Kichewa cha Malawi njala, na Wazulu wa Afrika Kusini wanasema indlala. Wote ni watoto wa babu mumoja. Basi mutu asitucheke kwamba njala ni Kiswahili kibovu.

Wazungu nao wana mambo yao. Faim na famine za Kifaransa zilitoka kwa neno moja la Kilatini, fames: moja ni ya tumbo linalongoja chakula, ingine ni ya inchi nzima. Waingereza wana starve. Zamani maana yake ilikuwa kufa tu, kifo cha namna yoyote. Ndugu yake wa Kijerumani, sterben, hata leo ni kufa. Pole pole starve ikawa kufa kwa njala. Sasa hata mutoto aliyecheleweshewa sahani analisema, na hakuna anayeshituka.

Kwa nini sendika inaongea mambo ya lugha? Kwa sababu neno likipunguzwa uzito, haki nayo inapungua. Siku moja, katika mukutano na wakubwa wa kazi, mwenzetu alisimama akasema: «Miezi tatu bila mushahara, tunakufa njala.» Mwandishi akaandika: les travailleurs ont faim. Basi. Ukisoma karatasi ile utafikiri tulikuwa tunangojea bugali ya saa sita. Na sisi tulitia sahihi bila kusoma vizuri. Kosa lile ni letu.

Tangu siku ile, procès-verbal inasomwa kwa sauti, inafasiriwa kwa Kiswahili mbele ya watu wote, ndipo tunatia sahihi. Kifaransa hakikosi maneno: mourir de faim iko. Tukisema tunakufa, iandikwe tunakufa.