SOMO LA REDIO: KITU KIZALIWE KIMEKAMILIKA

Juma lililopita tulisema ya kwamba programu ya kompyuta ni maagizo yaliyoandikwa kwa utaratibu. Leo twatazama namna moja ya kuyapanga maagizo hayo, nayo ni kuyapanga kwa vitu.

Hapa Kasulu kila mtu amepata kuona matofali yakifyatuliwa. Kalibu ni moja, matofali ni mengi. Katika programu, kalibu huitwa klasi, na kila kinachotoka ndani yake huitwa kitu. Mfano huu una mpaka wake, maana matofali hufanana yote, lakini vitu vya klasi moja ni kama kadi za zahanati: mistari ni ile ile, habari zilizoandikwa ni mbalimbali. Fikra hii ilitoka Norway, ambako Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard waliitia katika lugha ya kompyuta iitwayo Simula 67, mwaka 1967.

Basi, kitu kinapotoka kalibuni, kina nini ndani? Tofali bichi halijengewi nyumba. Vivyo hivyo kitu kisichotiwa habari zake za lazima hakifai kukabidhiwa sehemu nyingine za programu, kwani zitakitumia zikidhani kimekamilika. Kazi ya kukiandaa hufanywa na kipande cha programu kiitwacho konstrakta, ambacho hufanya kazi wakati ule tu kitu kinapozaliwa.

Tutwae mfano wa kweli. OpenMRS ni programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Ilianzishwa mwaka 2004 na watu wa Regenstrief Institute ya Marekani wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, Kenya. Imeandikwa kwa lugha ya Java, na maandishi yake yako wazi kwa kila atakaye kuyasoma. Ndani yake mna klasi ya mtu, na juu yake imejengwa klasi ya mgonjwa, ambayo hurithi yote ya mtu kisha huongeza namba za utambulisho. Mtumiaji wa programu, kama vile karani, hakurithi. Yeye amebeba mtu ndani yake. Naona ni busara, kwa sababu muuguzi naye huugua, na mtu yule yule mmoja aweza kuwa mtumiaji na mgonjwa pia.

Sasa tazameni tarehe ya kuzaliwa. Klasi ya mtu ina mahali pa tarehe, na kando yake pana swali: je, tarehe hii imekisiwa? Kitu kinapoanzishwa, jibu huwekwa "hapana" kabla karani hajagusa lolote. Kwa mwenye cheti cha kuzaliwa, hiyo si kitu. Lakini yuko atakayesema, "Nilizaliwa tulipohamishiwa kijijini," yaani siku za Operesheni Vijiji, miaka ya 1970. Karani akiandika 1 Januari 1974 asiliguse lile swali, kompyuta itashuhudia kwamba tarehe ni ya hakika. Hakuna aliyesema uongo, ila uongo umeandikwa.

Kwa mtoto jambo ni zito zaidi, maana chanjo hufuata umri, na dawa nyingi hupimwa kwa uzito au kwa umri. Katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa wilayani kwetu mwaka 1996, mama aweza kuwa alikimbia bila kadi ya mwanawe. Mganga akiona tarehe imekisiwa, atamtazama mtoto vizuri na kumuuliza mama tena. Akiona ni ya hakika, huenda asiulize.

Waliotengeneza OpenMRS wameweka njia nyingine. Hutajwa umri tu. Programu hutoa miaka hiyo katika mwaka uliopo, huandika 1 Januari, na papo hapo hugeuza jibu kuwa "ndiyo". Mambo mawili yamefungwa katika tendo moja, wala hayawezi kuachana. Huo ndio ufundi wa kupanga klasi. Mimi ningependelea zaidi jibu liwe tupu hapo mwanzo, na programu ikatae kuhifadhi mpaka lijazwe. Wengine watasema karani mwenye foleni ndefu atabonyeza lolote ili apite, nao wana haki kidogo.

Habari zikiwa nyingi, upo mtindo uitwao mjenzi, mmoja wa mitindo 23 iliyoelezwa na Erich Gamma na wenzake watatu katika kitabu chao cha mwaka 1994. Mjenzi hukusanya habari moja moja, wala hatoi kitu mpaka kazi imekwisha.

ZOEZI LA KIKUNDI. Chukueni kadi ya kliniki isiyoandikwa. Mistari ipi lazima ijazwe kabla kadi haijaondoka mezani? Mstari upi, ukiachwa wazi, utasomwa kana kwamba umejibiwa? Kiongozi wa kikundi aandike majibu na kuyaweka tayari kwa somo la juma lijalo, litakalohusu kurithi.