Kambare wa Ziwa Baringo

Msafiri atokaye Nakuru kwenda kaskazini, akiisha kupita Marigat, huliona Ziwa Baringo, ambalo mara nyingi maji yake huwa na rangi ya udongo mwekundu. Ziwa Nakuru lina magadi. Maji ya Baringo ni matamu, ingawa hapana mto uonekanao ukitoka ziwani. Wataalamu husema kwamba maji hupenya chini ya miamba upande wa kaskazini. Humo ndimo akaamo kambare, ambaye wengine humwita mumi.

Samaki huyu hana magamba. Kichwa chake ni kipana na kigumu, na mdomoni ana sharubu nane, ambazo kwazo hupapasa chakula katika maji ya tope. Hachagui: hula wadudu, konokono, vyura, mbegu na samaki wadogo. Akiachwa aishi miaka mingi, aweza kupita urefu wa mita moja.

Ajabu yake kubwa ni kupumua. Juu ya matamvua anacho kiungo chenye matawi kama kijiti, nacho huvuta hewa ile ile avutayo mwanadamu. Ndiyo sababu huonekana akipanda juu, akavuta hewa, akazama tena. Hata usiku wenye unyevu aweza kutambaa nchi kavu kutoka dimbwi hata dimbwi, akijisukuma kwa miiba ya mapezi yake. Mvuvi amtupaye ndani ya mtumbwi asidhani kwamba amekwisha kufa.

Lakini katika kuzaa hana ushupavu huo. Mvua zinyeshapo, ikafurika mito ya Molo na Perkerra (huu wa pili hunywesha mashamba ya Marigat tangu miaka ya 1950), kambare huingia katika maji mafupi yaliyofunika majani. Huko jike hutaga mayai kwa maelfu, yakashikamana na majani, na maji yakiwa na joto huanguliwa baada ya siku moja au mbili. Wazazi hawayalindi. Mahali ambapo mifugo wamekwisha kula majani yote, mayai hukosa pa kushika, na mvua hiyo hiyo huchukua udongo ulio wazi ikautia ziwani. Tena mtu aingiaye humo na mkuki hupata samaki wengi bila taabu, nao majike wangali na mayai tumboni.

Kisha mafuriko hupungua. Kambare wakubwa hurudi ziwani, na vifaranga visivyowahi kuyafuata maji hukaukia katika nyayo za ng'ombe.