Kula Kabla ya Njaa: Ushauri kwa Waendeshaji Baiskeli

Leo tunazungumza na wewe unayepanga kunyonga baiskeli kutoka Westlands hadi Limuru na kurudi, safari ya kama kilomita 60.

Huenda umewahi kumwona mwendeshaji ameketi kando ya Waiyaki Way, jasho baridi linamtoka na mikono inatetemeka. Usimcheke. Si uvivu, bali sukari imemwishia mwilini.

Je, hali hii hutokeaje? Vyakula vya wanga, kama vile ugali, viazi na mkate, hugeuka kuwa sukari tumboni. Sehemu yake huwekwa akiba katika misuli na ini. Akiba hiyo hutosha kazi ngumu ya saa moja na nusu hadi mbili hivi. Ikiisha, miguu hulegea. Ubongo nao hutegemea sukari, kwa hiyo akili huzubaa. Penye matatu na malori, kuzubaa kidogo tu kunaweza kukutoa uhai.

Kosa huanzia mwanzoni. Westlands iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Limuru ni zaidi ya mita 2,200. Ukipita Kangemi, Uthiru na Kikuyu, unapanda. Anayeondoka kwa kasi humaliza akiba yake huko huko mlimani, kisha huteremka akiwa amechoka, na mteremko ndio unaotaka macho makali. Jipime hivi: ukishindwa kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kuhema, punguza mwendo.

Basi ufanye nini?

Kwanza, kula saa mbili au tatu kabla ya kuondoka: uji na nduma, au mkate na ndizi. Epuka vyakula vya mafuta mengi, maana hukawia tumboni.

Pili, njiani usingoje njaa. Mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu ya kadiri ina kama gramu 25, kwa hiyo kula moja kila nusu saa.

Tatu, kunywa kidogo kidogo kila unapohisi kiu. Katika lita moja ya maji safi, tia vijiko vikubwa vinne vya sukari na robo kijiko cha chai cha chumvi. Usijilazimishe kunywa maji mengi kupita kiasi, kwani hupunguza chumvi ya damu, na hiyo ni hatari.

Ukihisi kizunguzungu, shuka mara moja. Keti mbali na barabara, unywe soda yenye sukari, kisha upumzike robo saa. Usipopata nafuu, usiendelee; tafuta msaada.

Ikiwa una kisukari, hasa kama unatumia insulini, zungumza na daktari wako kabla ya safari kama hii.

Kumbuka basi: anza polepole, na ule kabla tumbo halijakudai. Safari njema, na kwaheri hadi wakati mwingine.