Fungu la Wanyonge katika Hazina ya Komine

Kila Dominika Misa inapokwisha twawaona mlangoni mwa kanisa. Yupo kijana ambaye polio ilimpooza miguu, amekaa juu ya gari lake la magurudumu matatu. Yupo mzee kipofu anayeongozwa na mjukuu wake, naye mjukuu huyo siku za kazi hukosa shule kwa sababu hiyo hiyo. Yupo mama aliyembeba mgongoni mtoto mkubwa asiyeweza kusimama. Twatia noti ndogo mikononi mwao, twasema pole, twaenda zetu.

Sadaka hiyo ni njema, wala hatutaki mtu aiache. Lakini leo twataka kuuliza neno jingine. Mama yule huuza mboga sokoni, na kila siku hulipa kodi ya meza yake sawa na wenzake. Fedha hiyo huingia katika hazina ya komine. Je, humrudia kwa njia gani, yeye na mtoto wake?

Sheria yasemaje?

Katiba ya nchi yetu, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, yasema wazi katika kifungu cha 49 kwamba wazee na watu wenye ulemavu wanayo haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, kadiri ya mahitaji yao ya mwili, ya akili na ya utu wao. Tena kifungu hicho chaiagiza serikali iwatafutie watu wenye ulemavu nafasi katika vyombo vya taifa, vya provinsi na vya mahali. Mwaka 2015 Kongo iliingia katika mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki zao. Mwisho, tarehe 3 Mei 2022, ilitolewa sheria namba 22/003 ya kuwalinda na kuwainua watu wanaoishi na ulemavu. Katiba ilikuwa imeiahidi sheria hiyo. Watu waliingoja miaka 16.

Basi tusiseme tena kwamba wanyonge wanaomba hisani ya wakubwa. Wanadai lililoandikwa. Hata hivyo, sheria bila fedha ni kama taa bila mafuta: yaonekana nzuri juu ya meza, lakini nyumba yabaki gizani.

Fedha yatoka wapi?

Kwa kifungu cha 175 cha Katiba, provinsi zinastahili 40% ya mapato ya taifa, nazo zijikatie fungu hilo palepale fedha inapokusanywa. Na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 yaongeza kwamba, katika fungu la provinsi, 40% ni mali ya miji, komine, sekta na sheferi. Wanafunzi wetu na wafanye hesabu: katika kila franka 100 za mapato hayo, 40 ni za provinsi, na katika hizo 40, franka 16 zapaswa kushuka hadi karibu na mlango wa yule mama. Ifahamike pia kwamba teritwari haimo katika orodha hiyo. Basi anayetafuta fungu hilo asiende kugonga mlango usio wake.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Inavyotendeka ni vingine. Tangu miaka mingi fedha hupelekwa kwanza Kinshasa, halafu sehemu yake hurudishwa, nayo huwa pungufu ya 40%, tena hukawia. Komine na sheferi nyingi huishi basi kwa kodi ndogo za soko, za maegesho na za vyeti. Kilichopatikana hulipa kwanza watu wa ofisi na safari zao, na mlemavu hungojea makombo. Huko mashariki vita imeongeza taabu juu ya taabu: mwanzoni mwa mwaka 2025 Goma na Bukavu zilitwaliwa na waasi wa M23, mabenki yakafungwa, na nyumba nyingi zikaongezewa vilema na mayatima.

Katika upungufu huo, ni nani aliyewabeba wanyonge? Kwa sehemu kubwa ni jamaa zao wenyewe, na pamoja nao masista, mabruda, mapadri na waamini walei, waliofungua shule za viziwi na vipofu, na nyumba za kuwafundisha viwete kutembea. Twamshukuru Mungu kwa kazi hiyo. Lakini Kanisa halitaki kuwa kisingizio cha serikali cha kukaa bure. Katika mambo ya shule twajua njia ya kusaidiana: kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977, serikali hulipa walimu, na madhehebu huziongoza shule zao. Kwa nini komine na parokia zisipatane vivyo hivyo juu ya fundi wa magongo, au juu ya mama mwangalizi wa watoto wasiojiweza?

Mfano wa jirani

Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, sheria ya Tanzania inazitaka halmashauri zitenge 10% ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4% kwa wanawake, 4% kwa vijana, na 2% kwa watu wenye ulemavu. Kazi hiyo haikukosa dosari. Mwaka 2023 serikali yao iliisimamisha ili kuitengeneza, na mwaka 2024 ikaanzishwa tena. Mkopo nao haumfai kila mtu, maana mgonjwa wa kitandani hawezi kufanya biashara. Lakini kuna fundisho kubwa: fungu lililotajwa kwa hesabu laweza kudaiwa kwa hesabu. Ahadi isiyo na kipimo haina wa kuidai.

Mitume nao walikuwa na hesabu

Mtu asidhani kwamba mambo ya bajeti ni ya wanasiasa tu, hayamhusu Mkristu. Tusome Matendo ya Mitume, sura ya 6. Katika Yerusalemu wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, watu wakanung'unika. Mitume hawakuwakemea walionung'unika. Walichagua watu 7 wenye sifa njema, wakawaweka juu ya kazi hiyo. Naye Baba Mtakatifu Pius XI alifundisha mwaka 1931 kwamba wakubwa wasiwanyang'anye wadogo kazi wanayoweza kuifanya wenyewe, bali wawasaidie. Komine ndiyo iliyo karibu na mnyonge. Basi ipewe fedha yake, nayo itoe hesabu yake.

Tufanye nini?

Kwanza, tuhesabu. Kila shirika letu la Kikristu liandike katika daftari walemavu, wazee walio peke yao na mayatima wa mtaa wake, wawe Wakatoliki au wasiwe, na pamoja nao mahitaji ya kila mmoja. Mtu asiyehesabiwa hawezi kutengewa fungu.

Pili, tuulize mapema. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Januari. Anayekwenda kuomba mwezi wa Machi amechelewa. Hesabu zimekwisha kufungwa. Tuende kabla, tukiwa na daftari mkononi, kwa heshima na bila matusi.

Tatu, tusiende badala yao, twende pamoja nao. Kipofu ana kinywa, kiwete ana akili. Wao wajua zaidi kinachowapungukia.

Labda mkuu wa komine atajibu: «Hazina yetu ni tupu.» Tumwambie kwa upole kwamba yako mambo yasiyohitaji mali nyingi. Kumsamehe kodi ya meza mchuuzi asiyeona hakuhitaji kutoa franka hata moja hazinani. Njia ya mteremko mbele ya ofisi yataka mifuko michache ya saruji, ili mwenye gari la magurudumu asiingie akitambaa mbele ya watu kama mnyama. Wazee wetu walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Nanyi wanafunzi, msingoje kuwa wakubwa. Mwenzenu asukumwaye kwenda shuleni na asukumwe nanyi kwa zamu, na mzee asiyejua kuandika na apate barua yake kwa mikono yenu.

Hujafa hujaumbika, ndugu. Sisi tunaotembea leo hatujui kesho tutabebwa na nani. Dominika ijayo, tukimwona mama yule mlangoni, tumpe sadaka yetu kama kawaida. Kisha tumwulize jina la mtoto wake, tuliandike katika daftari.