Busia na Tororo: Dini iliyofundisha vijana kusoma, na vijana waliojisomea

Katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Uganda, mtoto wa Masafu, wilayani Busia, anapofika sehemu ya dini kwenye karatasi ya maarifa ya jamii hukuta maswali yaliyoandikwa mara mbili: ama ajibu la Ukristo, ama la Uislamu. Hakuna chaguo la tatu. Mtoto ambaye bibi yake bado anamwomba Were, Muumba kwa jina la Wasamia, naye itambidi achague moja.

Mpangilio huo mdogo wa karatasi unaeleza mengi kuhusu uhusiano wa dini na elimu katika eneo hili la mpaka, ambako Wasamia wanaishi Busia ya Uganda na Busia ya Kenya, na ambako Tororo ni makao ya jimbo kuu la Kikatoliki. Wazazi na walimu wengi hujiuliza ikiwa malezi ya kidini shuleni humfungua kijana akili au humfundisha kukariri majibu. Historia ya mashariki mwa Uganda ina jibu, ingawa si jibu rahisi.

Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, wakafuatwa na Wakatoliki mwaka 1879. Waongofu wao waliitwa kwa Kiganda abasomi, yaani wasomaji, kwa kuwa kusoma na kuabudu vilikuwa karibu jambo moja. Kanisa la Kianglikana lilimtaka mtu ajue kusoma kabla ya kubatizwa. Hivyo dini haikuja na shule pembeni yake. Ilikuja ikiwa yenyewe shule. Mwaka 1895 waliwasili mapadre wa shirika la Mill Hill kutoka Uingereza, nao wakakabidhiwa upande wa mashariki, ikiwamo Tororo. Tangu hapo kila dhehebu likapigania vijiji kwa kujenga madarasa, na mzazi aliyempeleka mtoto kujifunza herufi aliweza kumpata akirudi na jina jipya.

Lakini anayemfundisha mtu kusoma hana uwezo wa kumchagulia ukurasa. Mfano mkubwa ni Semei Kakungulu, jenerali wa Kiganda aliyeiteka sehemu kubwa ya Bukedi kwa manufaa ya Waingereza kati ya mwaka 1899 na mwanzoni mwa miaka ya 1900, kisha akajenga makao yake Mbale, kaskazini mwa Tororo. Mawakala wake Waganda waliisambaza lugha yao na usomaji wao hadi maeneo ya mpaka wa leo. Kakungulu alikuwa Mprotestanti, msomi kwa maana ile ya zamani. Baada ya kukosana na Waingereza, waliomnyima utawala aliodhani wamemwahidi, alizidi kujifungia na Biblia yake.

Kwanza alijiunga na Wamalaki, kundi lililojitenga na Kanisa la Kianglikana mwaka 1914 na ambalo liliadhimisha Sabato siku ya Jumamosi na kukataa dawa za hospitali, likisema Maandiko yameamuru hivyo. Wamalaki walibatiza watu bila kudai wajue kusoma, na maelfu wakamiminika kwao. Kakungulu hakutosheka. Alisoma vitabu vya Musa na kuuliza kwa nini amri ya tohara imeachwa. Inasimuliwa kwamba alipoambiwa hilo ni jambo la Wayahudi, alijibu kwamba basi naye ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, akaanzisha jumuiya ya Abayudaya, ambayo ipo hadi leo karibu na Mbale, karne moja baada ya kifo chake mwaka 1928 ikikaribia. Hakuna rabi aliyemtuma, wala mmisionari aliyemshawishi. Shule za jumuiya hiyo leo huwapokea watoto wa Kikristo na wa Kiislamu pia.

Kisa hicho kinavunja dhana kwamba elimu ya dini huzaa watiifu tu. Vilevile kinaonya dhidi ya kuusifu uhuru wa mawazo bila kutazama matunda yake, kwani usomaji huohuo wa kujitegemea ndio uliowafanya Wamalaki wayakimbie matibabu.

Kwa Wasamia wenyewe, mfano ulio karibu zaidi ni nyumba ya Kasisi Jeremiah Awori, mmoja wa makasisi wa mwanzo Waafrika wa Kanisa la Kianglikana magharibi mwa Kenya. Watoto wake hawakufuata njia moja. Moody Awori alikuwa makamu wa rais wa Kenya kuanzia 2003 hadi mapema 2008. Mary Okelo alikuwa mwanabenki, kisha akaanzisha shule za Makini. Aggrey Awori alivuka upande wa Uganda, akasoma Nabumali, Budo na Harvard, akawa mbunge wa Samia-Bugwe Kaskazini, na mwaka 2001 akagombea urais dhidi ya Yoweri Museveni. Malezi ya kanisani hayakuwazuia kushindana na wakubwa.

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili, habari hii ina upande mwingine. Vitabu vya kwanza walivyotumia wasomi wa Buganda vilikuwa vya Kiswahili. Hata hivyo, Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 Kiswahili kitumike rasmi nchini Uganda, Kabaka Daudi Chwa na maaskofu walipinga. Sababu zilikuwa kadhaa, na hofu kwamba lugha hii ingeubeba Uislamu ilikuwa mojawapo. Vizazi vya wanafunzi vilikosa lugha ya jirani zao kwa sehemu kwa sababu ya ushindani wa dini, na Waislamu, ambao shule za misheni ziliwataka kwanza wabadili imani, walibaki nyuma kielimu kwa miongo mingi. Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988 kilikuja kuziba sehemu ya pengo hilo.

Serikali ya Uganda ilichukua usimamizi wa shule za misheni baada ya uhuru, na Katiba ya 1995 inakataza kuwepo kwa dini ya taifa. Hata hivyo makanisa na misikiti iliyoanzisha shule bado ina sauti katika bodi zake. Kijana mwenye imani tofauti na ya mwanzilishi hujikuta katikati. Wanafunzi Waadventisti wa Chuo Kikuu cha Makerere walipinga mahakamani mitihani ya Jumamosi, wakashindwa, na Mahakama ya Juu ikathibitisha hivyo mwaka 2006. Nchini Kenya, wasichana Waislamu waliodai kuvaa hijabu katika shule iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, Isiolo, walishinda katika Mahakama ya Rufaa mwaka 2016, lakini mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo kwa sababu za utaratibu.

Hatari kubwa zaidi iko nje ya shule. Mashariki mwa Uganda kumekuwa na vikundi vilivyowakataza watoto chanjo na masomo kwa jina la dini. Pwani ya Kenya, mhubiri Paul Mackenzie alikuwa ameshutumiwa kwa kuwafundisha wafuasi kwamba shule ni uovu, miaka kadhaa kabla ya miili zaidi ya 400 kufukuliwa katika msitu wa Shakahola kuanzia Aprili 2023. Tofauti na Kakungulu ni kwamba kule Shakahola aliyesoma alikuwa mmoja, na wengine walisikiliza.

Tangu mwaka 2020, mtaala mpya wa sekondari nchini Uganda umelifanya somo la dini, la Kikristo au la Kiislamu, kuwa la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, sambamba na Kiswahili. Mtaala huo unamtaka mwalimu aachane na kuamuru daftarini na badala yake awape wanafunzi mijadala na miradi. Mwalimu wa dini anatakiwa kumsikiliza mwanafunzi akieleza kwa nini, si kumwuliza tu ni aya ya ngapi. Alama za kazi hizo za darasani ni asilimia 20 ya matokeo ya mwisho. Asilimia 80 iliyobaki hutoka kwenye karatasi ya mtihani.