Aliyeondoka Nkunga Naye Ahesabiwe

Muulize mama wa kijiji cha Nkunga, Rungwe, ana watoto wangapi, atakutajia wote: huyu yuko hapa na migomba, yule yuko Tunduma, mwingine alidandia lori la ndizi kwenda Dar es Salaam. Lakini karani wa utafiti akibisha hodi, mara nyingi huandika waliolala nyumbani jana. Hapo ndipo nusu ya habari za kijiji inapopotea.

Mkoani Kagera watafiti walilitafutia dawa tatizo hili. Kati ya 1991 na 1994 kaya zaidi ya 900 zilihojiwa, nyingi mara nne. Mwaka 2004 watafiti wakarudi na orodha ya majina zaidi ya 6,000, wakaulizia kila mmoja. Yule mtoto wa darasa la pili yuko wapi sasa? Shangazi anatoa namba ya simu, jirani anataja mtaa wa Mwanza, karani anapanda basi. Wengine walifuatwa hadi Uganda. Mwaka 2010 wakazunguka tena.

Walipima matumizi: chakula, mavazi, matibabu, ada. Katika miaka 13, kati ya 1991 na 2004, matumizi ya waliohama yalikua zaidi, kwa pointi 36 za asilimia, kuliko ya waliobaki. Utasema labda waliohama walikuwa na nafuu tangu mwanzo. Ni hoja ya haki, na ndiyo maana watafiti waliwalinganisha watu waliokulia chungu kimoja. Wangeishia kuwahoji waliobaki kijijini, wangeuona umaskini kuwa sugu zaidi kuliko ulivyokuwa.

Rungwe tunalijua jambo hili kwa namna yetu. Godfrey na Monica Wilson, walioishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, waliandika jinsi wavulana wa rika moja walivyoondoka kwa wazazi na kujijengea kijiji chao. Siku hizi kijiji cha rika kiko Kariakoo.

Kazi ya kufuata maisha ya watu humshinda mtafiti mmoja. Atastaafu kabla watoto aliowaandika hawajazeeka. Kwa hiyo vituo vya utafiti hujiunga. Mwaka 1998 mtandao wa INDEPTH ulianzishwa, ukiviunganisha vituo kama Ifakara na Rufiji na vingine vya Afrika na Asia, ili vihesabu vifo, vizazi na uhamaji kwa kipimo kimoja. Kijana wa Nkunga anayesomea takwimu au udaktari, natamani ajiunge na jamii ya namna hiyo mapema, arudi na orodha ya majina kama ile ya Kagera.

Mama yule atamkaribisha mbalaga ya ndizi. Namba za wanawe ameziandika kwa mkaa ukutani, juu ya mlango.