Ukungu kwenye Miwani Usiwe Sababu ya Kushusha Barakoa

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mama mtu mzima amesimama mbele ya dirisha la kutolea dawa katika kituo cha afya. Mkononi ameshika bahasha ndogo ya vidonge. Usoni amevaa miwani ya kusomea pamoja na barakoa. Anapoinamisha kichwa ili asome maelekezo, vioo vya miwani vinageuka vyeupe. Anasubiri kidogo vikauke, anapumua, ukungu unarudi. Mwishowe anaishusha barakoa hadi kidevuni, anasoma "mbili mara tatu", na kuikumbuka tena barakoa yake akiwa ameshafika getini. Muda wote huo, kwenye benchi lililo nyuma yake, kuna mgonjwa anayekohoa.

Hali hiyo si ngeni kwa mtu yeyote avaaye miwani. Tangu mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 alipothibitishwa nchini Machi 16, 2020, barakoa imekuwa sehemu ya maisha ya Watanzania wengi, na pamoja nayo ukungu wa miwani umekuwa kero ya kila siku. Dharura ya kimataifa ya ugonjwa huo ilitangazwa kumalizika Mei 5, 2023, lakini barakoa haijapoteza kazi. Ingali inahitajika katika kliniki za kifua kikuu, katika vyumba vya upasuaji, kwenye mashine za kusaga nafaka na katika kila mlipuko wa ugonjwa unaoenea kwa njia ya hewa. Kwa sababu hiyo, ni vema mwananchi akajua ukungu huo unatoka wapi na namna ya kuuondoa bila kuuacha uso wazi.

Chanzo cha ukungu

Hewa tunayoitoa tunapopumua ina joto la takribani nyuzijoto 34 na imejaa mvuke wa maji. Mtu asiyevaa barakoa huitoa hewa hiyo mbele yake, ikatawanyika. Anapovaa barakoa isiyokaa vizuri, hewa hutafuta upenyo ulio rahisi zaidi. Mara nyingi upenyo huo ni ule ulio pande mbili za pua, chini kidogo ya macho. Hewa yenye joto hupanda moja kwa moja hadi kwenye vioo vya miwani, ambavyo kwa kawaida huwa na ubaridi kuliko pumzi. Mvuke unapogusa kioo hicho hupoa na kuwa matone madogo mno ya maji, kama umande unavyojitengeneza juu ya majani alfajiri. Kila tone hutawanya mwanga upande wake, na mwenye miwani huona weupe mtupu.

Maelezo hayo yanatufahamisha kwa nini kero hii hutofautiana kutoka mahali hadi mahali. Mkazi wa Njombe, Makete au Lushoto huipata zaidi asubuhi za baridi, kwa kuwa vioo vyake vimepoa sana. Mkazi wa Dar es Salaam au Tanga, ambako joto na unyevunyevu ni vya kudumu, huipata zaidi ndani ya ofisi au basi lenye kiyoyozi. Aidha, atokapo humo na kuingia kwenye hewa ya nje, miwani yake iliyopoa hupata ukungu hata kama hakuvaa barakoa. Ukungu wa namna hiyo hautokani na barakoa, nao huisha wenyewe pindi vioo vinapopata joto.

Ukungu ni taarifa

Jambo la msingi ambalo wengi hawalizingatii ni kwamba ukungu unaotokea kila unapopumua ni taarifa. Unakueleza kuwa hewa inapita juu ya barakoa badala ya kupita ndani ya kitambaa chake. Hewa inayotoka kwa upenyo huo haijachujwa, na unapovuta pumzi, hewa ya nje nayo inaweza kuingia kwa upenyo huohuo. Kwa hiyo, mwenye miwani ana kipimo ambacho wenzake hawana: vioo vyake vinamwonesha papo hapo kwamba barakoa haijakaa sawasawa. Hatua ya kwanza ni kuirekebisha barakoa, na hatua ya pili ni kuiandaa miwani.

Kurekebisha barakoa

Barakoa nyingi za hospitali zina waya mwembamba kwenye ukingo wa juu. Wavaaji wengi huubana mara moja kwa vidole viwili juu ya pua, nao hubaki na pembe kali katikati na nafasi pande zote mbili. Njia sahihi ni kuvaa barakoa kwanza, kuweka ncha za vidole vya mikono yote miwili katikati ya waya, juu ya mwanzi wa pua, kisha kuubonyeza taratibu kuelekea mashavuni hadi ufuate umbo la uso. Hakikisha mikono ni safi kabla ya kufanya hivyo.

Baada ya hapo, vuta barakoa juu kadiri inavyowezekana bila kuziba macho, hakikisha kidevu kimefunikwa, kisha weka miwani juu ya ukingo wake. Uzito wa miwani husaidia kuukandamiza ukingo huo kwenye ngozi.

Barakoa za vitenge na vitambaa vingine zinazoshonwa na mafundi cherehani mara nyingi hazina waya. Unapoagiza, mwombe fundi aache upindo mdogo kwenye ukingo wa juu ambamo waya laini utapitishwa na kutolewa wakati wa kufua, ili usishike kutu. Ncha za waya zikunjwe zisije zikachoma ngozi.

Ikiwa barakoa ya hospitali ni pana kuliko uso wako, funga fundo dogo kwenye kila kitanzi cha sikio, karibu kabisa na kona za barakoa, kisha kunja ndani sehemu za pembeni zinazobaki wazi. Februari 2021, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilichapisha matokeo ya majaribio ya maabara yaliyoonesha kuwa njia hiyo huongeza kwa kiasi kikubwa uwezo wa barakoa ya kawaida wa kuzuia chembechembe. Faida yake, kwa hiyo, haiishii kwenye miwani.

Kwa wanaovaa barakoa kwa saa nyingi, kama vile watumishi wa vyumba vya upasuaji, kipande cha plasta ya hospitali juu ya ukingo wa barakoa, kikipita mwanzi wa pua na kufika mashavuni, huziba upenyo uliobaki. Tumia plasta iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi pekee. Gundi za karatasi na za umeme huweza kuijeruhi.

Kuandaa miwani

Iwapo ukungu bado unajitokeza kidogo, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo inatosha kuupunguza. Mwaka 2011, jarida la Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha Uingereza lilichapisha maelezo ya njia hiyo kwa ajili ya madaktari wanaovaa miwani na barakoa kazini. Muda mfupi kabla ya kuvaa barakoa, osha vioo kwa maji yenye sabuni, kung'uta maji yaliyozidi, kisha acha miwani ikauke yenyewe au ipanguse taratibu kwa kitambaa laini.

Sabuni hiyo hufanya kazi kwa sababu inapunguza nguvu inayoyafanya maji yajikusanye kuwa matone. Mimina maji kwenye jani la gimbi uone yanavyojiviringisha kama shanga. Juu ya kioo kisicho na sabuni, mvuke nao hujikusanya kuwa matone. Kioo kilichoachiwa utando mwembamba wa sabuni huyafanya maji yatandazike yakawa kama karatasi angavu, na mwanga hupita bila kutawanyika. Mvuke unaendelea kukifikia kioo, ila hauzuii tena kuona. Utando huo hauna budi kurudiwa kila siku, na zaidi pale miwani inapofutwa mara kwa mara.

Yapo pia mambo ya kuepuka. Usitumie sabuni ya unga wala dawa ya meno, kwa kuwa zina chembe zinazokwaruza vioo. Usitumie mate, kwani kinachotakiwa ni kupunguza vimelea usoni, si kuviongeza. Usifute vioo vikavu vyenye vumbi kwa pindo la khanga au shati, vioshwe kwanza. Vitakasa mikono vyenye spiriti navyo vinaweza kuharibu tabaka maalumu lililopakwa kwenye baadhi ya miwani. Mwenye miwani ya namna hiyo amuulize mtaalamu wa macho aliyempatia kabla ya kupaka kitu chochote.

Tahadhari kwa watumishi wa afya na madereva

Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani limeziorodhesha kuwa na mzigo mkubwa wa kifua kikuu, ugonjwa unaoenezwa kwa hewa kutoka kwa mgonjwa anayekohoa, kupiga chafya au kuzungumza. Mgonjwa huvaa barakoa ya kawaida ili asiwaambukize wengine, na mtumishi anayemhudumia huvaa barakoa maalumu ya aina ya N95. Barakoa hiyo haifungwi fundo wala kuwekewa tishu au plasta chini ya ukingo wake, kwa sababu kinga yake inategemea kugusana na ngozi pande zote. Mtumishi avaaye miwani apige mtihani mdogo kila anapoivaa: aifunike kwa viganja vyote viwili na kutoa pumzi kwa nguvu. Akihisi upepo karibu na macho au akiona ukungu, airekebishe kabla ya kuingia wodini. Anayesoma kipimo cha dawa kwenye bomba la sindano hapaswi kubahatisha.

Vivyo hivyo kwa dereva wa basi, bajaji au bodaboda. Miwani ikipata ukungu chombo kikiwa katika mwendo, aegeshe mahali salama kwanza. Asijaribu kuifuta kwa mkono mmoja huku anaendesha.

Kwa wote, barakoa iliyolowa jasho au pumzi ibadilishwe. Kuivaa chini ya pua au kuitoboa ili "ipumue" kunaondoa ukungu, lakini pia kunaondoa kinga yenyewe.

Wananchi wanahimizwa kuzizoea hatua hizi, na pia kuwafundisha wazee wetu, ambao wengi wao huvaa miwani na ndio wanaotembelea vituo vya afya mara kwa mara. Yule mama wa dirisha la dawa hakukosa nidhamu. Alihitaji kusoma maandishi ya bahasha yake, na ni haki yake. Kijana aliyemsindikiza angeweza kumbonyezea waya wa barakoa mashavuni na kuiketisha miwani juu yake. Ni kazi ya nusu dakika, na mama angesoma dawa zake akiwa bado amejikinga.